Jinzi yafuliwa leo, foronya yasubiri mwezi ujao

*Katika nyumba ambamo maji hupimwa kwa ndoo, swali la nguo gani ifuliwe lini ni swali la afya kabla ya kuwa swali la unadhifu*

Kwa kipimo cha Shirika la Afya Duniani (WHO), chandarua chenye dawa ya kudumu ni lazima kiwe bado na nguvu ya kuua mbu baada ya kufuliwa mara 20 maabara. Hesabu hiyo imewekwa kwa ajili ya chandarua kitakachotumika miaka mitatu, kikifuliwa mara chache tu kwa mwaka, kwa maji ya baridi na sabuni isiyo kali, kisha kianikwe kivulini kwa kuwa jua huvunjavunja dawa iliyomo kwenye nyuzi. Sasa kifikirie chandarua hicho kikiwa Temeke au Kisauni, kwenye nyumba ya mama asiyependa mchezo na usafi. Kila Jumamosi anakifungua kamba zake nne, anakiloweka kwenye sabuni ya unga pamoja na mashuka, anakifikicha, anakianika juani mpaka kinakauka kau. Wiki ya 20 ikifika, kabla hata miezi mitano haijatimia, amekwisha kumaliza idadi yote iliyopimwa. Chandarua kitakuwa cheupe na kinanukia vizuri, lakini kimebaki kuwa kitambaa cha kuzuia tu, na siku kikitoboka tundu moja kitakuwa si kizuizi tena.

Mama huyu si mzembe. Ametenda alivyolelewa: kwamba kufua na usafi ni kitu kimoja, basi anayefua mara nyingi zaidi ndiye msafi zaidi. Imani hiyo imetufikisha mahali pa ajabu. Suruali ya jinzi iliyovaliwa ofisini kwa saa nane inatupwa kwenye beseni jioni ileile, na foronya iliyolaliwa usiku baada ya usiku inangoja hadi mgeni atangaze safari. Hoja ya makala haya ni kwamba nguo ifuliwe kwa kufuata kilichoigusa, iwe ni ngozi, jasho, kinyesi, tope au mgonjwa. Siku ya wiki haihusiki, na macho ya jirani hayahusiki. Tena, pale maji yanapokuwa haba, ndoo iliyomwagwa juu ya nguo isiyo chafu imenyang'anywa nguo iliyo chafu kweli, ambayo mara nyingi ndiyo ile mgeni asiyoiona.

Hesabu ya madumu

Katika miaka ya 1960 watafiti watatu, Gilbert White, David Bradley na Anne White, walizunguka Kenya, Uganda na Tanzania wakiangalia jambo ambalo wataalamu wengi wa maji hawakuliona kuwa la maana: mtu anayechota maji kwa kichwa hutumia kiasi gani, na kwa kazi ipi. Kitabu chao, Drawers of Water, kilitoka mwaka 1972, na ndani yake Bradley aliyapanga magonjwa ya maji kwa namna inayofundishwa hadi leo. Kundi moja ni la magonjwa yanayoletwa na maji machafu ya kunywa, na hilo kila mtu alilijua. Kundi jingine lilikuwa la magonjwa yanayokuja kwa sababu maji ni kidogo mno kwa kuoga na kufua: upele, vidonda vya ngozi, ugonjwa wa macho wa trakoma. Kwa kundi hili wingi wa maji una uzito kuliko ubora wake. Maji ya kisima yenye chumvi, ambayo hakuna mtu Mbagala angeyachemshia chai, yanaweza kumwondolea mtoto upele yakitumika kumwogeshea na kumfulia shuka. (Kwamba sabuni ya mche haitoi povu ndani yake ni kweli. Kalsiamu na magnesiamu iliyomo hushikana na sabuni na kuwa utando mweupe juu ya maji. Sabuni ya unga huyavumilia zaidi.)

Kiasi chenyewe ndicho kinachouma. Takwimu za Jinja, Uganda, ambazo WHO ilizitumia katika ripoti yake ya mwaka 2003, zinaonyesha kwamba mtu anayechota nje ya kiwanja chake alitumia lita 15.5 kwa siku, mwenye bomba uani lita 50, na mwenye mabomba ndani ya nyumba lita 155. Waandishi wa ripoti hiyo, Guy Howard na Jamie Bartram, walieleza wazi kwamba katika kiwango cha lita 20 kwa mtu, kunywa, kupika na kunawa kunawezekana, lakini kufua hakuna uhakika isipokuwa watu wakafulie kulekule kwenye chanzo cha maji. Familia ya watu watano katika kiwango hicho ina madumu matano kwa siku kwa kila kitu. Beseni moja la kufulia na mawili ya kusuuzia, hata kwa mtu mwenye mkono wa kubana, yatakula karibu madumu matatu kati ya hayo. Katika nyumba hiyo, kufua jinzi tatu ambazo hazikuhitaji kufuliwa ni uamuzi wa kutofua kitu kingine, hata kama hakuna aliyekaa akauamua. Na wenye mabomba wasijione wako salama: mgawo wa maji wa Oktoba 2022, Mto Ruvu ulipopungua, uliwapanga foleni ya boza wakazi wa Dar es Salaam ambao kwa miaka walikuwa wakifungua koki bila kufikiri.

> Wiki moja ya usingizi ni saa 50 hivi za ngozi juu ya shuka. Hakuna shati linalofikia hapo.

Kilicho karibu na ngozi

Uchafu wa nguo, ukiondoa ule wa tope na mafuta ya gereji, hutoka mwilini zaidi kuliko barabarani. Ngozi hupukutisha seli zake mchana na usiku, hutoa mafuta, hutoa jasho, na juu yake wanaishi bakteria ambao wengi wao hawana ubaya wowote. Vyote hivyo huishia kwenye kitambaa cha kwanza kinachokutana na mwili. Ndiyo maana chupi, soksi na singlendi hazina mjadala: ni za kuvaliwa siku moja. Chupi ina sababu ya ziada, kwani hubeba vijidudu vya kinyesi hata kwa mtu msafi kupindukia. Taulo liko karibu na hapo, si kwa sababu linafuta mwili mchafu, bali kwa sababu linabaki bichi, na kitambaa kibichi chenye seli za ngozi ni shamba lililokwisha kunyeshewa. Taulo lianikwe kila baada ya matumizi, lifuliwe baada ya matumizi matatu au manne. Kitambaa cha jikoni, kile kinachofuta ubao wa kukatia nyama na halafu kikafuta sahani, ndicho pengine kinachostahili sabuni kila siku kuliko vyote, na ndicho ambacho nyumba nyingi hukisuuza tu na kukitundika.

Halafu kuna kitanda. Shati la ofisini hukaa mwilini saa kumi au 12. Shuka hukaa chini ya mwili saa saba au nane kila usiku, na kwa wanandoa hubeba miili miwili, pengine na mtoto anayenyonya katikati. Katika hewa nzito ya pwani, utitiri wa vumbi, wadudu wasioonekana kwa macho ambao hula seli za ngozi zilizopukutika, huzaana kwenye godoro na mito kuliko katika miji ya bara iliyo mikavu. Mabaki yao ni miongoni mwa vichochezi vikubwa vya pumu na mafua ya mzio. Hata hivyo katika mpangilio wa kawaida wa Jumamosi, shuka ndilo linalorukwa maji yakipungua, kwa sababu ni zito, linakula sabuni, linachukua kamba nzima, na zaidi ya yote, halitoki nje ya nyumba.

Upande wa pili wa mizani kuna jaribio linalojulikana la Chuo Kikuu cha Alberta, Canada. Mwanafunzi Josh Le alivaa jinzi moja kwa miezi 15 bila kuifua, na Profesa Rachel McQueen, mtaalamu wa vitambaa, akapima bakteria waliokuwamo. Baadaye jinzi hiyohiyo ilifuliwa, ikavaliwa siku 13 tu, ikapimwa tena. Idadi ya bakteria ilikaribia kuwa ileile. Waliopatikana walikuwa wakazi wa kawaida wa ngozi. Jambo la kuzingatia si kwamba mtu akae miezi 15, na hakuna anayependekeza hivyo. Jambo ni kwamba idadi ya bakteria haipandi kila siku kama deni la riba. Hupanda haraka siku za mwanzo, halafu hutulia. Anayeifua jinzi kila baada ya kuivaa mara moja hajapata usalama wa maana zaidi ya anayeifua baada ya kuivaa mara tatu au nne. Hata jumuiya ya watengenezaji sabuni wa Marekani, ambao wana kila sababu ya kututaka tufue zaidi, husema jinzi ivaliwe mara tatu kwanza.

Mtu wa Dar es Salaam atajibu, na atakuwa na haki, kwamba Edmonton, mji wa chuo hicho, si Kariakoo. Huko watu hukanyaga theluji miezi mitano, na hapa mtu akisimama kwenye daladala kutoka Gongo la Mboto, mgongo umelowa kabla hajafika Tazara. Pingamizi hili ni zito, ila linabadilisha tarakimu tu, na kanuni inabaki palepale. Kama kinachoamua ni kilichoigusa nguo, basi shati lililolowa jasho limeguswa, na liende kwenye beseni bila kesi. Lakini suruali ya mtu aliyekaa chini ya feni haijaguswa vile, wala koti la mahakamani, wala dera lililovaliwa jioni moja kwenda kwenye mnuso. Tena kitambaa chenyewe kina neno. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Ghent, Ubelgiji, mwaka 2014 walichukua fulana za watu 26 waliotoka kuendesha baiskeli za mazoezi, wakaziacha zilale. Fulana za poliesta zilinuka vibaya kuliko za pamba, na bakteria wa jamii ya Micrococcus walistawi kwenye poliesta na si kwenye pamba. Kwa lugha ya hapa: jezi ya Simba au Yanga iliyotoka uwanjani ifuliwe siku hiyohiyo, na kanga ya pamba iliyofungwa jioni nyumbani ina nafasi ya kupumua kwenye kamba na kuvaliwa tena. Marobota ya mitumba yamejaa poliesta, kwa hiyo ni vizuri mnunuzi asome kile kitambulisho kidogo cha shingoni kabla ya kupatana bei.

Pale kutofua kunapoua

Hoja ya kupunguza kufua inaweza kusikika kama anasa ya watu ambao hawajawahi kuona chawa. Historia inatoa onyo, na ni lazima lisikilizwe. Mwaka 1909 daktari Mfaransa Charles Nicolle, akiwa Tunis, alithibitisha kwamba homa kali ya taifasi huenezwa na chawa wa mwilini, ugunduzi uliompatia Tuzo ya Nobel mwaka 1928. Kilichomfungua macho kilikuwa mlango wa hospitali. Wagonjwa waliwaambukiza watu mitaani, waliwaambukiza hata wahudumu waliopokea nguo zao, lakini wakishavuliwa, wakaogeshwa na kuvalishwa nguo za wodi, hawakumwambukiza mtu yeyote. Ugonjwa ulikuwa unabaki kwenye rundo la nguo. Hatuhitaji kwenda mbali wala zamani sana: katikati ya miaka ya 1990, Burundi ilipokuwa vitani, taifasi hiyohiyo iliwakumba makumi ya maelfu ya watu katika kambi za wakimbizi wa ndani, nyanda za juu zenye baridi, ambako watu walivaa nguo zilezile usiku na mchana kwa wiki nyingi.

Ushahidi huu hauivunji hoja, unainoa. Chawa wa mwilini hutaga mayai kwenye mishono ya nguo iliyo karibu na ngozi, na hufa nguo ikivuliwa ikakaa mbali na mwili, au ikipata joto. Kilichowakosesha usalama watu wa kambini ni kukosa nguo ya pili ya kubadilisha. Hakuna aliyeugua kwa sababu koti lake halikufuliwa kila Jumamosi. Upele nao una tabia ya namna hiyo. Mdudu wake hawezi kuishi zaidi ya siku mbili tatu nje ya ngozi ya binadamu, kwa hiyo mzazi aliyepewa dawa ya kupaka na kuambiwa afue kila kitu kwa maji ya moto, na ambaye hana kuni wala maji ya kutosha, anaweza kuzifunga nguo na mashuka kwenye mfuko wa plastiki na kuziacha humo siku tatu kamili. Mdudu atakufa bila tone la maji. Nepi na nguo za mgonjwa wa kuhara ni habari nyingine kabisa: hizo zisikae hata saa moja kwenye beseni moja na nguo za wengine, zitengwe, zitiwe dawa ya klorini au zichemshwe, na maji yake yamwagwe chooni, yasimwagwe uani. Hapo sabuni haibanwi. Bahati mbaya ni kwamba katika rundo la pamoja la Jumamosi, nepi na shati la mahafali huenda zikalowekwa ndani ya maji mamoja kwa sababu yote ni "kufua".

Kufua nako kuna madhara yake

Tunazungumza kuhusu hatari za nguo chafu kana kwamba tendo la kufua lenyewe halina hatari. Ukanda wa Ziwa Victoria na visiwa vya Unguja na Pemba vinasema tofauti. Vimelea vya kichocho huogelea kwenye maji matamu vikisubiri ngozi, na hupenya kwa dakika chache. Mwanamke anayesimama mtoni maji yakimfika magotini saa mbili akifua amevipa muda wa kutosha mara nyingi. Katika mradi wa kutokomeza kichocho Zanzibar, ulioanza mwanzoni mwa muongo wa 2010, moja ya hatua zilizobuniwa na wanakijiji wenyewe pamoja na watafiti ilikuwa kujenga sehemu za kufulia ili wafuaji wasiingie majini. Hatua nzuri. Lakini mahali ambapo haijafika, hesabu ni rahisi: kila safari ya mtoni ni nafasi moja ya kuambukizwa, na safari iliyofanywa kwa ajili ya nguo ambazo hazikuwa chafu ni hatari iliyonunuliwa bure.

Masika huleta tatizo lake. Nguo ikikaa siku mbili kwenye kamba ya kibarazani bila kukauka, hunuka ule uvundo ambao hakuna marashi yanayoufunika. Mwaka 2012 watafiti wa Japani walimbaini mkosaji mkuu, bakteria aitwaye Moraxella osloensis, ambaye hustahimili hata ukavu na miale ya jua, na akishajikita kwenye nyuzi huamka kila nguo inapolowa. Katika miezi hiyo, kuongeza kufua ni kuongeza nguo mbichi ndani ya nyumba, na nguo iliyovaliwa mara mbili ikiwa kavu huwa safi kuliko iliyofuliwa jana ikiwa bado na unyevu. Kuna pia yule inzi anayeitwa Cordylobia anthropophaga, ambaye hutaga mayai kwenye nguo mbichi zilizoanikwa kivulini au chini. Funza wake huingia kwenye ngozi na kufanya jipu lenye kitundu. Bibi zetu waliosisitiza kupiga pasi hadi nepi na chupi hawakuwa wakijikweza. Joto la pasi ndilo linaloyaua mayai hayo. Kwa hiyo nguo ya ndani iliyoanikwa nje masika ipigwe pasi, hata kama shati la juu litavaliwa na makunyanzi. Pasi ya wati 1,000 ikifanya kazi saa moja mfululizo hula uniti moja ya LUKU, na nyumba nyingi huzitumia uniti hizo kinyume: pasi kwenye mikunjo ya suruali, chupi zikunjwe hivyohivyo.

Mambo mengine yapite haraka. Kufikicha kila siku hupausha rangi na kuchosha mishono, na kila mwenye kitenge anachokipenda analijua hilo. Vitambaa vya plastiki navyo hupukutisha nyuzi majini: Chuo Kikuu cha Plymouth kilikadiria mwaka 2016 kwamba kilo sita za nguo za akriliki zinaweza kutoa zaidi ya nyuzi 700,000 katika kufuliwa mara moja kwa mashine.

Macho ya watu

Pingamizi lililo gumu kuliko yote halitoki maabara. Kwa mtu asiye na gari, asiye na nyumba ya vigae wala jina la ukoo linalofungua milango, shati lililofuliwa na kunyooshwa ndilo barua yake ya utambulisho. Mlinzi wa geti, karani wa benki na mama mkwe humsoma kwa kola kabla hajafungua mdomo. Kumwambia mtu huyo apunguze kufua ni kumwambia apunguze heshima, na msomi mwenye kabati la mashati 30 ndiye mwenye wepesi wa kusema hivyo. Pingamizi hili ni la haki, na halijibiwi kwa takwimu za bakteria. Lakini tulitazame kwa makini. Heshima inadai nguo *ionekane* safi, na kuonekana safi kuna njia nyingi zinazotumia maji kidogo: kola na kwapa kusuguliwa peke yake kwa kipande cha sabuni, doa kutolewa likiwa bichi, nguo kutundikwa kwenye hewa usiku badala ya kurundikwa kwenye kiti, kubadili nguo za kazi mara tu mtu anapofika nyumbani. Mambo hayo ni ya zamani. Nguo ya kutokea na nguo ya kushindia zilitenganishwa katika nyumba zetu kabla sabuni ya unga haijafika madukani.

Wengine wataleta dini, na pwani hoja hii hutajwa mapema. Lakini sheria ya Kiislamu ya twahara, ukiitazama vizuri, iko karibu na hoja ya makala haya kuliko ilivyo na desturi ya Jumamosi. Jasho la binadamu si najisi. Nguo iliyoingia najisi huoshwa pale ilipoingia mpaka athari yake iondoke, na haisemwi kwamba vazi zima lirudi kwenye beseni kwa kuwa jua limezama. Katika madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo ya Waislamu wengi wa mwambao, mkojo wa mtoto mchanga wa kiume asiyekula chochote ila maziwa hunyunyiziwa maji tu. Kanzu safi na manukato siku ya Ijumaa ni jambo linalopendekezwa, na hakuna anayelipinga. Ila mafakihi waliuliza kwanza nguo imeguswa na nini.

> Shule hukagua kola ya mtoto. Hakuna anayekagua foronya aliyoilalia.

Pale ambapo macho ya watu yamegeuzwa kuwa kanuni ya taasisi, lawama haiwezi kuachiwa familia. Mtoto wa shule ya msingi huvalishwa shati jeupe na soksi nyeupe, hupelekwa kwenye uwanja wa vumbi jekundu, na asubuhi hupangwa mstari kukaguliwa usafi. Ada imeondolewa katika shule za msingi za serikali Tanzania, lakini sare hununuliwa na mzazi, na wazazi wengi hununua moja au mbili. Matokeo yake ni kwamba kila jioni, katika mamilioni ya nyumba, ndoo ya kwanza huenda kwenye shati ambalo kiafya lingeweza kungoja. Rangi ya kaki, ya kijani kibichi au ya bluu iliyoiva ingezipunguzia nyumba hizo kazi, wala hakuna mtoto ambaye angeugua kwa hilo. Watetezi wa sare nyeupe husema inafundisha nidhamu ya usafi. Kinachofundishwa ni kuficha vumbi, na wanaofundishwa zaidi ni mama na dada zao wanaofua.

Anayeinama kwenye beseni

Hapo ndipo tunapofika kwenye kiini cha desturi hii. Kufua kwa mikono ni kuchota, kuloweka, kufikicha, kusuuza mara mbili, kukamua, kuanika, kuanua, kunyoosha, na mgongo umekunjwa karibu muda wote. Wanaofanya kazi hiyo kwa sehemu kubwa ni wanawake na wasichana, na wanaoamua nguo gani ni chafu mara nyingi si wao. Anayevua shati saa sita na kuvaa jingine saa kumi hahesabu ndoo, kwa sababu hazitoki kichwani mwake. Wapo wanaoamini mashine ya kufulia italimaliza jambo hili, na kwa kweli mashine ni ukombozi kwa mgongo. Lakini mwanahistoria Ruth Schwartz Cowan, katika kitabu chake cha mwaka 1983 kuhusu kazi za nyumbani Marekani, alionyesha kwamba mashine zilipoingia, saa za kazi za mama wa nyumbani hazikupungua kama ilivyotarajiwa. Kipimo cha usafi kilipanda. Shati lililovaliwa siku kadhaa likawa la siku moja, na shuka na taulo zikaanza kubadilishwa upesi kuliko zamani. Mashine bila kanuni itatupeleka hukohuko, tena kwa maji ya mgawo.

Tofauti huonekana pale kazi inapokuwa na bei. Nairobi, mama fua hulipwa kwa siku au kwa mzigo, na mwajiri hufikiri kabla ya kuongeza rundo. Dada wa kazi wa kulala humohumo hulipwa kwa mwezi, kwa hiyo jinzi ya ziada, taulo la ziada na chandarua cha kila Jumamosi havimgharimu mwenye nyumba hata shilingi, na rundo hukua. Na kwa dobi, anayetoza kwa kila kipande, suti hupelekwa baada ya kuvaliwa mara tano au sita. Mwenye suti huinusa kwanza, huikagua kola kwenye mwanga wa dirisha, hupiga brashi mabega, huitundika mlangoni ipate hewa, na mara nyingi huamua kwamba inaweza kwenda wiki nyingine.